Wino, Karatasi na Dua: Ada za Kila Siku na Maisha ya Kiroho ya Mtunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anapopewa utenzi mkongwe aufanyie uhakiki, aghalabu huzipita beti za mwanzo kwa haraka. Humwona mshairi akilitaja jina la Mwenyezi Mungu, akimsalia Mtume, akiagiza aletewe wino na karatasi, kisha huruka hadi pale kisa kinapoanza. Vitabu vya mwongozo vimekwisha kumwambia kwamba beti hizo ni dibaji, na kwamba dibaji ni kaida ya utanzu. Akishalijua jina la kaida hiyo, huona hana haja nayo tena. Katika mtihani ataandika sentensi moja kuihusu, apate alama yake, aendelee na dhamira na wahusika.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa beti hizo zinastahili kusomwa kwa makini zaidi. Hoja ya msingi ni kwamba dibaji ni kumbukumbu ya kazi. Inaeleza mtunzi alivyojiandaa, alichokihitaji mkononi na alichokihitaji moyoni kabla ya kuandika neno la kwanza. Aidha, inadhihirisha kwamba katika mapokeo ya Kiswahili maandalizi ya mkono na maandalizi ya roho hayakuwa mambo mawili. Yalikuwa tendo moja, lililorudiwa siku baada ya siku, hadi utungo ukakamilika.

Suala hili lina uzito kwa wanafunzi wa leo kwa sababu mbili. Kwanza, ni vigumu kuufasiri utungo ipasavyo ikiwa sehemu inayoeleza ulivyozaliwa imetupwa kando. Pili, wengi wa wanafunzi wa Kiswahili wana ari ya kutunga, na wengi wao huacha baada ya mashairi mawili matatu wakidai kwamba hisia zimewatoka au kwamba hawakujaliwa kipaji. Watunzi waliotangulia walikuwa na jibu kwa tatizo hilo, na jibu lenyewe limo katika beti zinazorukwa.

Kutunga ni Nini?

Inafaa kuanza na neno lenyewe. Kitenzi "tunga" kina matumizi kadhaa ambayo mzungumzaji wa Kiswahili huyatumia bila kuyawekea uhusiano. Bibi hutunga shanga au maua kwenye uzi. Mimba hutunga tumboni. Jipu hutunga usaha. Mshairi naye hutunga shairi.

Matumizi haya yote yana sifa mbili zinazofanana. Mosi, hapana lolote kati yao linalotukia kwa ghafla. Mwenye kutunga shanga hupitisha uzi katika tundu moja, kisha jingine. Akifanya pupa, uzi humponyoka na shanga humwagika. Mimba ina miezi yake. Jipu likitumbuliwa kabla halijaiva, huongeza maumivu tu. Pili, katika mifano hii mna sehemu inayoonekana na sehemu isiyoonekana. Mkono wa mtunga shanga unaonekana, ilhali mtoto anayeumbika tumboni haonekani. Neno moja limebeba kazi ya vidole pamoja na kazi inayofanyika ndani, mahali ambapo mwanadamu hawezi kuiharakisha.

Watunzi wa kale waliufahamu uhusiano huu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mtunzi wa Al-Inkishafi, anaufananisha utungo wake na koja la lulu analokusudia kulipanga. Mwana Kupona naye anamwahidi bintiye kidani cha lulu na marijani. Hizi si tashbihi za kupamba lugha tu. Ni maelezo ya namna kazi inavyofanywa: lulu moja, kisha nyingine, kwa subira, hadi koja litimie.

Dibaji kama Kumbukumbu ya Kazi

Utendi wa Tambuka, ambao Bwana Mwengo bin Athumani aliutunga Pate mnamo 1728, unatoa mfano mzuri. Mtunzi haanzi na vita vya Herekali. Anaanza kwa kumhimidi Mola, kisha anaeleza chanzo cha utungo: mfalme wa Pate alitaka kisa hicho kielezwe kwa Kiswahili. Msomaji anapata kujua kwamba kazi hii iliagizwa, kwamba ilikuwa na mlezi wake, na kwamba mtunzi aliona haja ya kuomba msaada kabla ya kuianza. Utendi huu una beti zaidi ya elfu moja. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane, yaani mizani 32. Kwa hivyo mtunzi alipanga mizani zaidi ya 32,000, tena huku akilinda kina cha bahari kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mtu anayeikabili safari ndefu kiasi hicho hawezi kutegemea msisimko wa usiku mmoja. Dua ya mwanzo ni maneno ya msafiri anayejua umbali wa safari yake.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa 1858, una dibaji ya aina nyingine. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na alikuwa mgonjwa. Anamwita bintiye asogee karibu, aje na wino na karatasi, kwa kuwa ana maneno moyoni anayotaka kumwambia. Katika beti chache msomaji anaona chumba, mgonjwa, msichana anayesikiliza, na vifaa vya kuandikia. Wino na karatasi hapa si pambo. Ni dharura ya mama anayehofu kwamba siku zake ni chache na kwamba maneno yasipoandikwa leo hayataandikwa tena. Inasadikiwa kwamba alifariki takriban miaka miwili baadaye.

Mwishoni mwa tendi hizi huja tamati, ambayo nayo hupuuzwa. Humo mtunzi hutaja jina lake, hutaja mwaka wa Hijra, pengine huhesabu beti zake, huwaomba wasomaji wamrekebishie makosa, na huwaomba wamwombee dua. Anayetunza mali huhesabu mali yake. Mtunzi aliyezihesabu beti zake alikuwa akitoa hesabu ya amana aliyokabidhiwa. Ombi la kurekebishwa nalo linadhihirisha unyenyekevu wa kikazi. Utungo ulinakiliwa kwa mkono, na kila mnakili alikuwa pia mhariri. Mtunzi alijua kwamba kazi yake itaendelea mikononi mwa wengine.

Hofu ya Mshairi mbele ya Mola

Swali linaloibuka ni hili: kwa nini mtunzi alilazimika kuanza kwa jina la Mungu hata pale alipokuwa akisimulia vita au akimwusia binti mambo ya nyumbani? Jibu rahisi ni kwamba Mwislamu huanza kila jambo jema kwa jina la Mola. Hata hivyo, kwa mshairi palikuwa na sababu ya ziada.

Sura ya 26 ya Kurani inaitwa Ash-Shu'araa, yaani Washairi. Aya zake za mwisho zinawashutumu washairi wanaofuatwa na wapotovu na wanaosema wasiyoyatenda, kisha zinawatoa katika shutuma hiyo wale walioamini, wakatenda mema na wakamkumbuka Mungu kwa wingi. Mshairi wa Pate, Lamu au Mombasa aliyekwenda chuoni utotoni alizijua aya hizi. Alijua kwamba kipaji chake kinaweza kumwinua au kumwangamiza. Basi dibaji ilikuwa mahali pa kutangaza yuko upande gani. Alipomtaja Mungu kabla ya kutaja jambo jingine, alikuwa akijiweka miongoni mwa wale waliosamehewa, na papo hapo akijifunga: aliyeanza kwa jina hilo hawezi kumaliza kwa uongo.

Ni vyema pia kutofautisha istilahi. Wahyi, katika mafundisho ya Kiislamu, ni ufunuo waliopewa mitume, na mshairi hadai kuupata. Ilhamu ni wazo jema ambalo Mungu humtia mja wake moyoni. Kipaji ni uwezo mtu aliojaliwa. Jazba ni hali ya kushikwa na hisia hadi mtu akajisahau. Katika mazungumzo ya kawaida maneno haya huchanganywa, na mchanganyiko huo una madhara. Anayedhani kwamba ushairi ni jazba pekee atangoja ashikwe. Anayeufahamu kama ilhamu atafanya kama watunzi wa tendi walivyofanya: ataandaa wino, atapiga dua, ataketi, kisha atangoja huku anaandika.

Hadithi ya Al-Busiri inaeleza zaidi uhusiano wa utungo na roho. Mshairi huyu wa Misri wa karne ya 13 alitunga kasida ya Burda na ile ya Hamziya, ambayo ilifasiriwa kwa Kiswahili na Sayyid Aidarusi bin Athumani. Inasimuliwa kwamba Al-Busiri alipatwa na kiharusi, akaitunga Burda akiomba shifaa, kisha akamwona Mtume ndotoni akimfunika joho, naye akaamka mzima. Liwe tukio la kihistoria au la, simulizi hii ilijulikana sana miongoni mwa Waislamu, na ilifundisha kwamba utungo ni tendo lenye nguvu, wala si maneno ya kuburudisha tu.

Imani hiyo inaonekana pia katika matumizi ya maandishi yenyewe katika mwambao. Katika kombe, mwalimu huandika aya kwa zafarani kwenye sahani, maandishi yakaoshwa kwa maji, na mgonjwa akayanywa maji hayo. Katika hirizi, maandishi hukunjwa, yakashonewa na kuvaliwa mwilini. Mwana Kupona anautumia mfano huu moja kwa moja: wasia wake ni hirizi anayompa bintiye aifunge kwa uzi na kuihifadhi. Kwake, shairi ni kitu cha kuvaliwa kila siku, kimlinde mvaaji.

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni la Waislamu peke yao. Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo na Mkristo kutoka Dodoma, aliichukua bahari ya utenzi akaitungia Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi. Imani ilibadilika, lakini mtazamo ukabaki: kupanga mizani na vina vya maneno matakatifu ni kazi ya mikono inayoambatana na ibada, nayo hufanywa kwa uangalifu uleule.

Siku ya Mtunzi

Maisha ya kiroho ya watunzi hawa hayakuelea hewani. Yaliingia katika saa za siku. Katika miji ya mwambao swala tano ziliigawa siku, kuanzia alfajiri hadi isha, na kati ya swala na swala watu walikuwa kazini, sokoni, shambani, baharini au barazani. Mtoto alijifunza herufi chuoni, akiandika, akafuta, akaandika tena. Nidhamu ya mkono ilianzia hapo, na kalamu aliyoishika ilikuwa kifaa chenye heshima. Kurani yenyewe ina sura inayoitwa Al-Qalam. Aliyekuja kuwa mtunzi alikuwa kwanza mwanafunzi aliyenakili maneno ya wengine kwa miaka mingi.

Hata hivyo, ada za watunzi hazikulingana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, anasifika kwa kuutoa ushairi katika mambo ya dini na kuuingiza katika mambo ya mji: siasa za Wamazrui, mapenzi, biashara, njaa, mafumbo. Mashairi yake mafupi hayana dibaji ndefu. Chumba chake cha kutungia, kwa maana fulani, kilikuwa mji wenyewe. Wapo waliomjibu, naye akawajibu. Tungo zake zilihifadhiwa vichwani mwa watu, hadi mwishoni mwa karne ya 19 ambapo Mwalimu Sikujua bin Abdallah alisaidiana na W. E. Taylor kuzikusanya. Muyaka anatufundisha kwamba ada ya mtunzi yaweza kuwa kusikiliza. Mtu asiyekuwa barazani kila jioni hawezi kuujua mji kiasi cha kuutungia, na mji nao hauwezi kuzihifadhi tungo zake.

Shaaban Robert (1909–1962) anatupa mfano wa enzi nyingine. Kwa zaidi ya miaka 30, kuanzia 1926, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, akihamishwa kutoka kituo hadi kituo: Pangani, Mpwapwa, Tanga. Mchana wake ulikuwa wa mwajiri. Vitabu zaidi ya 20 alivyoviacha viliandikwa katika muda uliosalia baada ya kazi. Chukua Utenzi wa Vita vya Uhuru, unaosimulia vita vya 1939 hadi 1945. Una beti takriban 3,000, yaani mizani karibu 96,000. Mtu anayetunga beti kumi kila jioni bila kukosa atahitaji jioni 300 kuufikisha hapo, bila kuhesabu jioni za kufuta na kusahihisha. Hesabu hii inatosha kumwondolea mwanafunzi dhana kwamba Shaaban Robert alikuwa mtu wa msukumo wa ghafla. Alikuwa mtu wa kuketi.

Upande wa kiroho wa kazi yake nao ni wazi. Mkewe Amina alipofariki, majonzi yake aliyatia katika shairi. Binti yake alimtungia Utenzi wa Hati na mwanawe Utenzi wa Adili, akiifuata njia ileile ya Mwana Kupona: mzazi anayewakabidhi watoto kitu kisichoharibika. Katika tawasifu yake, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, maadili na kazi ya kalamu vinakwenda bega kwa bega. Kwake uandishi mzuri ulikuwa sehemu ya mwenendo mzuri, na vyote viwili vilihitaji mazoezi.

Ahmad Sheikh Nabhany (1927–2017) naye alionyesha ada ya tatu, ile ya kukusanya. Alizaliwa Lamu, na ushairi aliupata kwa nyanya yake, Amina Abubakar Sheikh, aliyekuwa mshairi. Katika Sambo ya Kiwandeo, kilichochapishwa 1979, anaeleza kwa ushairi jinsi chombo cha bahari kinavyoundwa, mbao kwa mbao, na kila kitu kwa jina lake. Katika Umbuji wa Mnazi cha 1985 anafanya hivyo kwa mnazi na manufaa yake. Tungo kama hizi haziandikwi na mtu aliyejifungia chumbani. Zinahitaji kukaa na mafundi na mabaharia, kuuliza na kukumbuka. Nabhany, ambaye anatambulika pia kwa kubuni istilahi kama runinga na ngamizi, aliyachukulia maneno ya wazee kuwa amana. Kila neno lililopotea lilikuwa hasara, na kila lililookolewa lilimtaka alitafutie mahali.

Karatasi Inapokosekana

Hadi hapa imesemwa kwamba mtunzi huandaa vifaa na roho kwa pamoja. Je, vifaa vikikosekana? Historia ya fasihi ya Kenya ina jibu.

Mnamo 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa aliyezaliwa 1946, aliandika kijikaratasi kilichoitwa Kenya: Twendapi? Kwa ajili hiyo alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, na kuanzia 1969 hadi 1972 akawa gerezani, muda mwingi akiwa ametengwa peke yake. Alikuwa ametoka katika ukoo wa washairi. Ahmad Nassir Juma Bhalo ni nduguye. Alikuwa pia amekwisha kutunga Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa, uliochapishwa 1971 yeye mwenyewe akiwa kifungoni. Hivyo basi alikuwa mtu aliyezoea kuanza kazi kwa dua na kwa karatasi safi.

Gerezani hakuruhusiwa kuandika. Mashairi aliyoyatunga huko aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yalitolewa nje, na mwaka 1973 yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki, diwani iliyopata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi mwaka 1974.

Inafaa msomaji atue hapa kidogo. Agizo la wino na karatasi, ambalo katika tendi za kale limerudiwa hadi likaonekana halina maana, linapata uzito wake wote katika chumba cha gereza. Mwana Kupona alimwambia bintiye alete wino na karatasi, vikaletwa. Abdilatif hakuwa na wa kumwagiza. Kila kipande cha karatasi kilikuwa hatari, na kila neno lilipaswa kustahili hatari hiyo. Pamoja na hayo, mashairi ya Sauti ya Dhiki hayakulegea katika fani. Vina vinatimia, mizani imetimia, lahaja ya Kimvita imesimama imara. Mtu angetarajia kwamba katika dhiki kama ile mshairi angezisahau kanuni na kuachilia kilio tu. Yeye alizishika zaidi.

Sababu yake inaeleweka tukikumbuka mjadala wa ada. Mfungwa aliyenyang'anywa saa, kazi, jamaa na karatasi bado alikuwa na kitu kimoja ambacho askari hawakuweza kukipekua: mazoea ya miaka mingi. Mizani na vina vilimpa mpangilio wa siku mahali ambapo siku zilifanana zote. Tungo zenye vina hukaa kichwani, na zaweza kutungwa gizani, zikahifadhiwa hadi karatasi itakapopatikana. Kile ambacho wanafunzi wengine hukiona kuwa pingu za arudhi, kwa mfungwa kilikuwa njia ya kubaki mtu. Mojawapo ya mashairi ya diwani hiyo linaitwa "Jipu"; na jipu, kama ilivyokwisha elezwa, hutunga kwa muda wake kabla ya kupasuka.

Ushairi Huru na Maandalizi Yasiyoonekana

Mtu aweza kuuliza ikiwa haya yote yanawahusu watunzi wa mashairi huru. Euphrase Kezilahabi (1944–2020) alipochapisha Kichomi mwaka 1974, aliacha vina na mizani, na hapakuwa na dibaji ya kumhimidi Mola wala ya kuagiza karatasi. Mjadala mkali ulizuka kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko, na umekwisha kuelezwa vya kutosha katika vitabu vya nadharia.

Katika muktadha wa makala haya, la kuzingatia ni kwamba kuacha dibaji si kuacha maandalizi. Mshairi huru hana kina cha bahari cha kumwambia mstari umekamilika. Ni lazima alijue hilo kwa sikio lake mwenyewe, na sikio hufunzwa kwa kusoma na kurudia. Hana pia dibaji ya kumkumbusha anazungumza mbele ya nani. Ikiwa anaamini au haamini, swali hilo linabaki: maneno haya ni ya nani, na ni nani atakayemtaka hesabu? Mtunzi wa kale alilijibu waziwazi katika beti za kwanza. Mtunzi wa kisasa hulijibu kimyakimya, au halijibu, na msomaji makini huitambua tofauti.

Ni haki pia kukiri kwamba si kila dibaji ilitungwa kwa moyo mnyofu. Kaida inayorudiwa na kila mtu inaweza kufuatwa na asiye na nia. Lakini jambo kurudiwa hakulifanyi kuwa tupu. Swala hurudiwa mara tano kila siku kwa maneno yaleyale. Thamani yake hutokana na anayeswali. Kadhalika mhakiki asiamue mapema kwamba dibaji fulani ni desturi tu. Ailinganishe na utungo unaoifuata, aone kama ahadi iliyotolewa mwanzoni imetimizwa.

Hitimisho

Imebainika kwamba watunzi wa Kiswahili, tangu Bwana Mwengo hadi Abdilatif Abdalla, hawakuitenganisha kazi ya kila siku na maisha ya roho. Ada zao zilitofautiana: mmoja alitunga kwa agizo la mfalme, mwingine kitandani mwa ugonjwa, mmoja barazani, mwingine baada ya saa za ofisi, mwingine miongoni mwa mafundi, mwingine gerezani. Walichoshirikiana ni kwamba hawakungoja jazba iwashike. Waliiandaa nafasi ya kutungia, na kuiandaa nafasi hiyo kukawa sehemu ya ibada.

Yapo mambo mawili ambayo wanafunzi na wahadhiri wanaweza kuyatenda. Katika uhakiki, dibaji na tamati zipewe nafasi sawa na kisa. Muulizeni mwanafunzi: mtunzi huyu alikuwa wapi, alikuwa na nini mkononi, alimwogopa nani, alimwachia nani kazi yake? Majibu mara nyingi yamo humo humo ndani ya beti. Katika utunzi, vyama vya Kiswahili vya vyuo viwasaidie wanachama kuwa na saa ya kutunga inayojulikana, hata iwe nusu saa baada ya chakula cha jioni, badala ya kuwangoja walete mashairi wakati wa mashindano tu. Ubeti mmoja kwa siku ni beti 365 kwa mwaka, na hizo ni zaidi ya mara tatu ya beti zilizomtosha Mwana Kupona kumwusia mwanawe.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mwanafunzi atakayeketi leo usiku na karatasi mbele yake, akajiuliza kwanza anaandika kwa jina la nani na kwa ajili ya nani, atakuwa amekwisha kuitunga dibaji yake, hata kama hatausoma ubeti huo kwa mtu yeyote.